Karatasi imeandika H na mtoto ananyonya vizuri: troponini ya kichanga wa siku mbili

Swali lenyewe kwa kifupi. Baba mmoja wa Uyole, Mbeya, wamepata mtoto wa kiume, kilo 3.2, miezi imetimia, kazaliwa kalia palepale. Siku ya pili daktari akasikia mlio kwenye moyo akaandika vipimo, damu ikachukuliwa mtoto akiwa na masaa kama 40 ikapelekwa maabara nje ya hospitali. Majibu: troponini T 62 ng/L, karatasi inasema mwisho 14. NT-proBNP 4,100 pg/mL, karatasi inasema mwisho 125. CK-MB nayo juu. Zote tatu zina herufi H pembeni, yaani namba imezidi. Siku ya tatu daktari akasikiliza tena ule mlio hakuusikia, akapima oksijeni mkono wa kulia 96 mguu 95, akawaruhusu, warudi kliniki baada ya wiki mbili. Sasa mtoto ana siku 9 na ananyonya. Ila baba kaingia Google kakuta troponini ni shambulio la moyo, bibi kaja toka Tukuyu kila akimbeba mjukuu analia, na ndugu wameshaanza kuchanga hela ya kwenda Dar. Anauliza, mwanangu anaumwa moyo au haumwi, na je turudie vipimo?

Kaka yangu, hongera sana kwa kijana, na mama mtoto mpe hongera zangu, bibi naye mwambie ndaga, yaani asante, kwa kuja kusaidia, ila machozi kwanza ayaweke maana kwa haya uliyoniandikia sioni cha kulilia.

Nianze kwa kujitambulisha ili ujue unaongea na nani. Mimi ni mtu wa maabara, nimekaa miaka mingi benchi la kemia hukuhuku nyanda za juu, na sehemu kubwa ya hiyo miaka sampuli zilizopita mikononi mwangu ni za watoto. Siyo daktari wa watoto. Daktari anamuona mtoto, anamshika, mimi naiona karatasi, kwa hiyo nitakujibu kuhusu karatasi kwa sababu hapo ndo shida yako ilipoanzia. Na kwa karatasi nakwambia bila kuzunguka: 62 na 4,100 ni namba za kawaida kabisa kwa kichanga wa masaa 40 asiye na shida. Kilichokaa vibaya pale ni ile safu ya pembeni, ile ya mwisho 14, mwisho 125. Ile safu ni ya watu wazima. Mashine imemchukua mwanao wa siku mbili ikampima kwa rula ya baba yake.

Sasa nikueleze vizuri maana najua ukishaambiwa tu "usijali" ndo unajali zaidi.

Troponini ni protini iliyopo ndani ya msuli wa moyo, ndo inayosaidia ule msuli kujikaza na kuachia. Kwenye damu inatakiwa iwe kidogo sana. Mtu wa miaka 55 akija kifua kinambana na troponini imepanda, tunajua kuna msuli wa moyo umeumia, mara nyingi mshipa umeziba, ndo hilo shambulio ulilolisoma. Ile 14 imetoka wapi? Walipima watu wazima wenye afya wengi, wakapanga majibu toka chini kwenda juu, wakakata pale ambapo watu 99 kati ya 100 wako chini yake. Basi. Ni mstari uliochorwa kwa kutumia damu za watu wazima, hamna kichanga hata mmoja aliyehusishwa pale. Ukienda kuwapima vichanga wenye afya kwa mashine hiyohiyo, karibu wote wanapita 14, wengi siku ya pili ya tatu wanasoma 30, 50, 80, na wapo wanaopita 100 na hawana ugonjwa wowote, wanapelekwa nyumbani wanakua wanacheza.

NT-proBNP ndo inashangaza zaidi. Hiyo ni kipande kinachobaki pale moyo unapotengeneza homoni yake. Moyo ukivutwa na mzigo wa damu, kuta zake zikitanuka, zinatoa homoni ya kuziambia figo toeni maji na chumvi, mishipa legeeni, nipunguzieni mzigo. Kwa mtu mzima anayekuja kliniki ya nje wanatumia 125 kama mstari wa kuanza kuuliza kama moyo umechoka. Kwa watoto kuna utafiti ulichapishwa 2009, waliunganisha majibu ya watoto wenye afya waliopimwa sehemu tofauti wakayapanga kwa umri, na mimi hiyo jedwali niliichapa nikaibandika ukutani juu ya mashine. Siku 0 mpaka 2, mtoto wa katikati alikuwa na 3,183, na wa juu kabisa alifika 13,224. Umesoma vizuri, elfu kumi na tatu, na ni mtoto mwenye afya. Siku ya 3 mpaka ya 11 wa katikati akawa 2,210. Kuanzia mwezi mpaka mwaka mmoja, wa katikati 141 tu. Kwa hiyo wako mwenye 4,100 kwenye masaa 40 yupo katikati ya wenzake.

Sasa kwanini iwe hivo, kwanini moyo wa mtoto asiye na shida utoe namba ambazo kwa mimi na wewe tungelazwa. Hapa naomba uvumilie kidogo maana hapa ndo penyewe, na ukielewa hapa utaelewa pia ule mlio ulitoka wapi.

Tumboni mtoto hapumui. Mapafu yamejaa maji, mishipa yake imebana, damu haina haja ya kwenda huko kwa wingi, oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo. Kwa hiyo Mungu kaweka njia mbili za mkato. Moja ni kidirisha ndani ya moyo, kati ya chumba cha juu cha kulia na cha kushoto. Nyingine ni kamshipa kafupi kanakounganisha mshipa mkubwa wa mapafu na mshipa mkubwa wa mwili, damu inayotaka kwenda mapafuni inapitia hapo inakwepa. Na kondo lenyewe ni kama eneo kubwa tambarare, damu inaingia bila kusukumwa sana. Mtoto akizaliwa, akivuta pumzi ya kwanza na kitovu kikikatwa, kila kitu kinageuka ndani ya dakika. Mapafu yanafunguka, mishipa yake inalegea, damu inamiminika kule. Kondo halipo tena kwa hiyo upande wa kushoto wa moyo ambao ulizoea kusukuma kwenye eneo laini sasa unasukuma mwili mzima kwa presha kubwa zaidi, na wakati huohuo unapokea damu yote inayorudi toka mapafuni ambayo jana haikuwepo. Kile kidirisha kinajifunga. Kale kamshipa nako kanaanza kujibana, kwa watoto waliotimiza miezi kawaida kanakuwa kamefunga kazi ndani ya siku moja mpaka tatu.

Yaani fikiria mtu aliyekuwa anabeba debe moja la maji kwenye tambarare, ghafla unamtwisha matatu na unamwambia apande nayo mlima Loleza. Atahema, atatoka jasho, hiyo siyo dalili kwamba anaumwa. Moyo wa kichanga siku hizo ndo unapanda huo mlima, kuta zinavutika, ile homoni inatoka kwa wingi na kwa faida, maana mtoto anatakiwa akojoe maji ya ziada aliyotoka nayo, si unaona hata uzito huwa unashuka kidogo siku za mwanzo ndo unarudi. Juu ya hapo figo za kichanga bado changa, zinachelewa kuisafisha NT-proBNP. Na msuli wenyewe wa moyo bado unajipanga upya, seli zinabadilika toka za tumboni kwenda za duniani, troponini kidogo inavuja. Homoni hii haitoki kwa mama, haivuki kondo, ni ya mtoto mwenyewe. CK-MB ndo hata usiipe usingizi wako, mtoto kapita njia nyembamba kakamuliwa misuli yote, na hiyo enzaimu ipo pia kwenye misuli mingine ya mwili, kwa vichanga wengi ipo juu siku za kwanza na mimi binafsi naona haina kazi ya maana kwa umri huo.

Na ule mlio? Kamshipa kanapokuwa kanajifunga, damu inapita kwenye tundu linalozidi kuwa jembamba, inapiga kelele kama maji ya bomba ukiliziba nusu kwa kidole. Daktari siku ya pili anausikia, siku ya tatu haupo. Ni moja ya sababu za kawaida sana za mlio siku hizo. Siyo sababu pekee, nitarudi hapo.

Sasa utaniuliza, kama mnajua vichanga wana namba zao kwanini maabara haiziweki kwenye karatasi? Hili swali linaniuma kweli, ngoja nikusimulie.

Miaka ya mwanzo kazini, sehemu moja hukuhuku nyanda za juu sitaitaja, tulifungiwa mashine mpya. Kompyuta yake inakuja na safu zake, za watu wazima, na ikiona namba imezidi inabandika H yenyewe. Ikaja sampuli ya kichanga wa siku nne. Nikapima, udhibiti wa ubora ulikuwa vizuri, mashine haina kosa, nikasaini nikaachia. Troponini 70 na kitu, H. Sikuandika chochote pembeni. Wale wazazi waliichukua ile karatasi wakaonyesha ndugu, ndugu wakasema huyu mtoto moyo umeharibika, wakauza kilichouzika, alfajiri wakapanda basi na mtoto wa siku nne, kilomita zaidi ya 800 mpaka Dar, mama ana mshono. Kule mtoto akapigwa eko, yaani ile yultrasaundi ya moyo, moyo hauna kitu. Mama alirudi baada ya wiki mbili akaja mwenyewe dirishani kuniuliza, bila hasira, "dada ile H ilikuwa ya nini?" Sikuwa na jibu zuri. Toka siku hiyo sijawahi kuachia jibu la kichanga bila kuandika kwa mkono umri kwa masaa na sentensi moja kwamba safu hii ni ya watu wazima. Sentensi moja tu ingewazuia wale watu kupanda basi.

Lakini pia kuna ugumu wa kweli ambao watu hawauoni. Ili uwe na safu ya kuaminika inabidi upime watu wenye afya, na mwongozo wa kimaabara unataka angalau 120 kwa kila kundi. Kwa watu wazima ni rahisi, unawaita wachangia damu, wanafunzi, wafanyakazi. Kwa vichanga sasa, masaa 12 siyo sawa na masaa 40, masaa 40 siyo sawa na siku 7, kila umri ni kundi lake na kila kundi linataka watoto 120 wasio na tatizo lolote. Nani atakubali mtoto wake mwenye afya achomwe sindano ili tu tujue namba? Mimi mwenyewe wangu nisingekubali haraka. Kaka, mtoto wa kilo 3.2 mwilini mwake mzima ana damu kama mililita 270, haijai chupa ya soda. Ukitoa mililita 3 kama unavomtoa mtu mzima bila kufikiri, umetoa asilimia moja ya damu yake yote.

Ndo maana watafiti wanatumia njia za pembeni. Wanachukua damu ya kitovu baada ya kukatwa, ile haimuumizi mtu, ingemwagwa tu. Ina faida ila ina mipaka yake, ile damu inakuonyesha mtoto alivyokuwa tumboni na wakati wa kuzaliwa, haikuonyeshi kupanda mlima, na ukweli namba za kitovu ziko chini ukilinganisha na za siku ya pili ya tatu. Wengine wanapima mabaki, mtoto amechukuliwa damu kwa ajili ya manjano au uchunguzi mwingine wa kawaida, matone yaliyobaki ndo yanapimwa kwa ruhusa ya wazazi. Mashine za siku hizi zinatumia tone dogo sana na hilo limesaidia. Ila bado kila mashine ina rula yake, troponini T na troponini I ni vitu viwili tofauti, na I ya kampuni hii hailingani na I ya kampuni ile, kwa hiyo ukisikia mtu mtandaoni anasema wa kwake alikuwa 9 usilinganishe mpaka ujue kipimo gani.

Na vizio pia, angalia vizio jamani. 0.062 ng/mL na 62 ng/L ni kitu kilekile. 4,100 pg/mL ya NT-proBNP maabara nyingine ingekuandikia 485 pmol/L, ni ileile, unagawanya kwa 8.457. Nimeshaona mtu kafurahi moyo wa mtoto umepona kwa sababu karatasi ya pili ilikuwa na kizio kingine.

Kitu kingine naomba nikuonyeshe kwa karibu, jinsi damu yenyewe inavyotoka, maana hapa ndo majibu mengi yanaharibika kabla hata hayajafika kwangu. Asubuhi ya mwezi wa saba Mbeya unajua inavyokuwa, wodini dirisha lina ukungu, mtoto kafunikwa mablanketi matatu na kikofia ila mguu ukiutoa nje ni wa baridi kama jiwe la mtoni. Nesi anatoboa pembeni ya kisigino, pembeni siyo katikati, katikati mfupa upo karibu. Tone linakuja dogo, jeusi, linaganda. Haliendelei. Sasa nesi ana watoto wengine sita wanasubiri, anaanza kukamua, anaminya kisigino kwa vidole viwili mpaka ngozi inakuwa nyeupe. Damu inatoka, kichupa kinajaa, ila seli zimepasuka, nikizungusha kwenye mashine badala ya kupata maji ya njano napata ya pinki kama juisi ya rozela. Hapo tayari. Potasiamu itasoma juu uongo, na troponini inategemea kipimo, kuna inayosoma chini na kuna inayosoma juu. Ukiupasha ule mguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano kabla ya kutoboa damu inakuja yenyewe, matone manene, hamna haja ya kuminya. Manesi wengine wanafanya hivo na sampuli zao nazijua hata kabla ya kusoma jina, nawaombea baraka kila siku.

Haya turudi kwa mwanao. Utasema sasa kama vipimo hivi vya damu kwa kichanga vipo juu kwa kila mtu, vina kazi gani? Vina kazi, tena kubwa, ila kwa mtoto ambaye kuna swali. Mtoto aliyechelewa kulia akakosa oksijeni, troponini iliyopanda sana kuliko wenzake inamwambia daktari kwamba moyo nao umeumia. Njiti ambaye kale kamshipa kamekataa kufunga, NT-proBNP ambayo badala ya kushuka inapanda inasaidia kuamua. Mtoto anayepumua kwa shida na hatujui ni mapafu au moyo, namba ikiwa mbali kabisa juu ya wenzake inaelekeza kwenye moyo. Mama mwenye kisukari pia, watoto wao wakati mwingine wana moyo mnene na namba zinakuwa juu zaidi. Umeona, kote huko namba inasomwa pamoja na mtoto, na inasomwa kwa mwelekeo, jana ngapi leo ngapi. Namba moja ya siku ya pili iliyokaa peke yake inasema kidogo sana.

Na hapa naomba unisikilize hata kuliko kule juu. Kama 62 haimaanishi anaumwa, basi na namba nzuri nayo isingemaanisha yuko salama. Watoto kama 8 kati ya 1,000 wanazaliwa na hitilafu ya moyo ya aina fulani, nyingi ndogo, chache za hatari, na kuna za hatari ambazo siku ya kwanza na ya pili mtoto anaonekana yuko vizuri kwa sababu kale kamshipa ka mkato bado kako wazi kanamsaidia, kakifunga ndo anazidiwa, siku ya tatu, ya tano, wiki ya kwanza. Hizo hatuzikamati kwa troponini. Tunazikamata kwa mikono na macho, na kwa kile kimashine cha oksijeni alichotumia daktari wako, mkono wa kulia na mguu. Mkono wa kulia unapata damu kabla ya njia ya mkato, mguu unapata baada, ndo maana vinapimwa vyote viwili, tena inapendeza mtoto akishapita masaa 24. Vyote vikiwa 95 kwenda juu na tofauti isizidi 3, amepita. Wako 96 na 95. Hicho kipimo cha dakika mbili kisicho na sindano kwangu mimi kina thamani kuliko karatasi yote tuliyoijadili, na natamani kila kichanga anayezaliwa huku, kuanzia zahanati ya kijijini, apimwe kabla hajaruhusiwa. (Kwa waliopo juu zaidi yetu, Njombe na Makete huko, hewa ni nyepesi, oksijeni ya watoto inaweza kusoma chini kidogo bila ugonjwa. Sisi Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 na hata hapa wahudumu inabidi walijue hilo, warudie kipimo kabla ya kuwapandisha watu ambulensi.)

Kwahiyo nyumbani muangalie nini. Muangalie anavyonyonya. Kunyonya ndo mazoezi ya kichanga, moyo ukiwa na shida utaonekana pale, ananyonya mara mbili tatu anaacha anahema, paji la uso linatoka jasho wakati nyumba ya Uyole ni baridi hivyo, analala kabla hajashiba, kila mara. Hesabuni pumzi akiwa amelala ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu, zikizidi 60 na zinabaki hivyo, au mbavu zinaingia ndani, muwahi. Angalieni ulimi na fizi. Vidole na nyayo kuwa bluu kwa baridi kwa kichanga ni kawaida, ulimi kuwa bluu au wa kijivu siyo kawaida hata siku moja, na sisi wenye ngozi nyeusi msiangalie ngozi mtadanganyika, fungua mdomo kwenye mwanga wa mlangoni. Akilegea, akiwa wa baridi mwili mzima, akikataa ziwa kabisa, msisubiri kliniki wala msisubiri kuchanga hela, usiku huohuo hospitali. Nakuomba bibi naye umfundishe haya, yeye ndo anakaa nae masaa mengi, na macho ya bibi aliyelea watoto saba ni kipimo kizuri kuliko vingi ninavyovijua.

Kwa ulivyoandika, siku 9, ananyonya mpaka anaachia mwenyewe, uzito umesharudi 3.25, mlio haupo, oksijeni imepita. Mimi sioni sababu ya kumchoma tena kurudia troponini. Ukirudia leo pengine utakuta bado imepita 14, maana inashuka taratibu kwa wiki na miezi, mtapata H nyingine na bibi ataanza upya. NT-proBNP itakuwa imeshuka ila bado juu ya 125, H tena. Hamna mtakachojua ambacho hamjui sasa.

Safari ya Dar nayo msifanye kwa ajili ya hii karatasi. Kliniki ya wiki mbili ndo mwende, bila kukosa, na muombe daktari asikilize tena moyo mtoto akiwa ametulia na apapase mapigo ya kinena pande zote mbili. Mlio ukiwa umerudi, au akiona kitu hakimpendezi, hapo ataomba eko, na eko ndo inayoonyesha moyo wenyewe, kuta, milango, matundu, damu inaelekea wapi. Anzeni kuulizia hospitali ya rufaa ya kanda hapahapa Mbeya kama siku hiyo kuna mtaalamu wa eko ya watoto kabla hamjafikiria basi. Kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete watoto wanatibiwa vizuri na wengi wanapona, ila mtu anafika kule na barua ya rufaa na swali la daktari, siyo na H ya mashine. Hizo hela zilizochangwa msiwarudishie ndugu haraka, mama mtoto anahitaji kula, maziwa, ndizi, supu, na nauli ya kliniki ipo humohumo.

Karatasi usiitupe. Chukua kalamu, juu kabisa andika "damu ilichukuliwa mtoto akiwa na masaa 40", pembeni ya ile 14 na ile 125 andika "safu ya watu wazima", alafu iweke ndani ya kadi ya kliniki, ili siku yoyote daktari mwingine akiishika asishtuke kama ulivoshtuka wewe. Na ukitoka kliniki niandikie daktari kasikia nini.